Siku Niliyofumba Macho

Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa. Sauti yangu ikipanda ovyo mnisamehe. Mwenyewe siisikii.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtoto wa kelele. Nilikuwa naimba shambani, kwenye karoti zetu huku juu ya Lushoto, hadi bibi ananiomba nipumzike kidogo. Nikiwa darasa la tatu homa ikanishika. Kichwa kiliuma kama gogo linalopasuliwa, shingo ikakakamaa, nikatapika, nikajikojolea. Baba alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitalini wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Nilipopata nafuu nilimwona mama akichezesha midomo bila kutoa sauti. Nikadhani ananitania.

Shuleni nikawa peke yangu katikati ya watoto wengi. Mwalimu akigeukia ubao, somo kwangu limekwisha. Watu wazima waliniita nikapita tu, wakasema sina adabu, na kwetu mtoto asiyeamkia hana wa kumtetea. Mama aliona aibu. Akanizoesha kutazama midomo, na akanikaririsha majibu ya maswali ya wakubwa kwa mpangilio wake, maana wakubwa hawaubadilishi: unaitwa nani, mtoto wa nani, unasoma darasa la ngapi.

Wapimaji wa elimu maalumu walipokuja, nilijibu yote sawasawa. Wakasema nasikia vizuri, ila ni mzito wa kuelewa, nibaki palepale. Mama alifurahi, akapika wali. Mimi nililia chooni. Nilikuwa nimefaulu mtihani niliotakiwa kuufeli, na sikuwa na wa kumwambia.

Mwaka uliofuata akaja mpimaji mwingine, mwanamke wa makamo. Mama alikaa kando akinikazia macho nisimwaibishe. Yule mpimaji alipofungua mdomo kuuliza, nikafumba macho nisiione midomo yake. Nilikaa gizani, simwoni, simsikii. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile. Mwishowe nikahisi mkono wa mpimaji begani, nikafumbua. Mama alikuwa analia.

Mpimaji akamuuliza ni tangu lini. Jibu nililisoma kwenye midomo ya mama.

"Tangu alipougua. Niliogopa watamwita kiziwi."

Nikapelekwa shule ya bweni yenye kitengo cha viziwi. Huko nilijifunza lugha ya alama, nikapata marafiki, nikacheka tena. Masikio hayakupona. Hata hivyo namshukuru Mungu, namshukuru na yule mpimaji aliyesubiri. Nanyi wazazi, mtoto anayeitikia kila kitu msimwamini haraka. Simameni nyuma yake mumwite. Asipogeuka, msimfiche.

Mama naye alijifunza alama ukubwani, kwa vidole vilivyokomazwa na jembe. Likizo moja tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza kwa alama swali ambalo hakuwahi kunikaririsha jibu lake: siku zile, ulikuwa mpweke?

Nikaweka kisu chini.

"Sana, mama," nikamwambia.