Jina Alilolijua Taaka

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi siku niliyokaa kimya, na kimya kile kinanikera mpaka leo kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Mdogo wangu Taaka na mimi tulisoma darasa moja, shule ya misheni upande wa Busia, kwa kuwa mimi nilichelewa kuanza. Herufi zilimkimbia. Leo anazijua, kesho hazijui. Watoto wakamwita "kichwa ya jiwe", na mwalimu, badala ya kuwakemea, akacheka nao. Kisha akatangaza: mkaguzi Mzungu anakuja, na asiyeweza kuandika jina lake kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu atafutwa daftarini. Eti shule si zizi.

Mtoto wa miaka minane! Na mwalimu huyo ndiye aliyeajiriwa kumfundisha.

Basi nikamfundisha mwenyewe. Mama alikuwa mfinyanzi, na hakuna aliyeweza kusokota udongo kuwa kamba nyembamba kama Taaka. Kamba hizo tukazikunja kuwa herufi. Alizipapasa amefumba macho, kisha akazichora kwenye kibao. Wiki tatu nzima. Jumatano akaliandika jina lake lote, akacheka hadi akapaliwa na mate.

"Dada, huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Alhamisi, Kukhu, bibi yetu mzaa baba, akaamua kwamba jina ndilo linalomzuia. Kwetu mtoto hurithishwa jina la marehemu wa ukoo, na marehemu asiporidhika, mtoto huumwa, au huwa mzito wa akili. Kukhu akachinja jogoo, akampa Taaka jina jipya, Nabwire, akaenda mwenyewe kwa mwalimu ili daftari libadilishwe. Aliporudi akanishika sikio.

"Wewe mdomo mrefu, sikia. Ukilitaja lile la zamani, marehemu mwenyewe atakuja kulichukua, na mtoto pamoja nalo."

"Lakini Kukhu, ndilo analojua kuandika!"

"Kwani kuandika kunashinda kuishi?"

Ijumaa mwalimu akaita, "Nabwire!" Mdogo wangu hakuinuka mpaka nilipomsukuma. Akaandika polepole, kila herufi imesimama wima: Taaka.

"Nani huyu?" mwalimu akauliza, kibao juu. Alijua fika! Jana yake alilikata jina hilo kwa kalamu yake, mtu yuleyule aliyetuhubiria kila asubuhi kwamba mizimu ni upuuzi. "Haya, semeni. Taaka ni nani hapa?"

Taaka akanitazama. Nikatazama sakafu. Niliamini nikisema, ataanguka afe palepale.

Akafutwa. Kabla ya mapumziko alikuwa njiani kurudi nyumbani, peke yake.

Kwa hiyo onyo la Kukhu lilitimia, mtoto alichukuliwa. Ila mfu hakuhusika. Siku hizi, chuoni, wanaume wenye tai huniambia kwenye midahalo kwamba watoto wazito wanakalia viti vya wenye akili. Nawararua hoja kwa hoja, ukumbi unapiga makofi. Kukhu simlaumu sana. Alitaka mjukuu wake apone. Mwalimu namlaumu, na sitaacha. Mtoto aliandika mbele ya macho yake, naye akaamua kutomwona.

Lakini swali tuliulizwa darasa zima. Jibu lilikuwa maneno mawili tu, "Ni yeye," na mtu aliyefaa kuyatamka alikuwa mimi.