Dakika Nne za Kibaigwa

Nilipokataa kumsainia daftari mwalimu mwenzangu wa fizikia, walimu wengi waliniona nina kiburi. Mpaka leo sijutii.

Mimi nafundisha hesabu. Kila Jumamosi asubuhi sisi wawili tulikuwa tukirusha ndege ndogo kwenye programu ya urubani ya kompyuta, mimi kwangu Nzuguni, yeye kwake. Tulikubaliana kufanya kama marubani wa kweli: ramani ya karatasi, rula, dira, saa ya mkononi, hali ya hewa ya siku ileile. GPS tunazima. Baadaye kila mmoja anamsainia mwenzake daftari la safari.

Jumamosi moja tulipanga kutoka Dodoma kwenda Morogoro. Kwa hesabu zetu, Kibaigwa tungeipita dakika ya thelathini na mbili. Upepo wa mashariki ukanipiga usoni, nikaifikia dakika ya thelathini na sita. Nikaandika hivyohivyo.

Jumatatu, daftari lake lilisema thelathini na mbili kamili.

"Madam, ulishuka soko la Kibaigwa kununua mahindi?" akaniuliza mbele ya watu. Ofisi nzima ikacheka. Wiki nzima nikarudia hesabu zangu, nikitafuta nilipokosea.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea ramani aliyoisahau ofisini. Mke wake akanikaribisha sebuleni. Ndege ilikuwa inajiendesha yenyewe, GPS inawaka, na bwana anakunywa chai huku akijaza daftari. Alishaandika hata dakika ya kutua, na ndege bado iko angani!

"Mwalimu, ndiyo nini hii?"

"Aa, Madam, si kompyuta tu? Kwani nani atakufa?"

Hapo ndipo aliponipandisha hasira. Kweli, hafi mtu. Hakuna mkaguzi, hakuna cheti. Sasa alikuwa anamdanganya nani, kama si mimi? Mimi niliyejiona mjinga wiki nzima kwa sababu ya namba aliyoitunga akiwa na kikombe mkononi!

Akanisogezea daftari nisaini. Nikaliacha pale mezani, nikamuaga mke wake, nikaondoka.

Siku hizi naruka peke yangu. Juzi nilipotea nikienda Kondoa, nikazunguka juu ya vilima vya Busi mpaka nikaiona barabara. Nilitamani kumsimulia mtu.

Jana tulikutana kwenye korido.

"Madam, bado una hasira? Kwa mchezo?"

"Ninayo," nikamwambia, nikaingia darasani.