Askari Aliponiita Mukecuru

Mwaka wa uhuru nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mtu angeniambia kwamba siku moja nitachoka ningemcheka mbele ya watu. Rumonge yote ilitoka nje. Sisi wa mtaa wa Waswahili, wajukuu wa watu waliotoka Ujiji na ng'ambo ya Kongo, tulicheza kutoka msikitini hadi ziwani, tukarudi, tukaanza upya. Nilikuwa nimeolewa karibuni na dereva wa kamyo aliyebeba mawese kutoka Kizuka kupeleka Bujumbura. Yeye alikuwa amesimama kando na wanaume wenzake, anajifanya hatutazami. Aliyecheza nami ni mama yake. Alimzaa akiwa bado msichana, kwa hiyo siku ile hakuwa hata na miaka arobaini, lakini kwangu mimi alikuwa mzee tayari. Nilipokaa chini kuvuta pumzi, alinivuta mkono.

"Simama, mutoto! Uhuru haukuji kila wiki."

Miaka kumi iliyofuata sina mengi ya kuisimulia, na sasa najua ndiyo iliyokuwa mizuri. Mungu hakutupa mtoto. Mume wangu hakunisema kwa hilo, na mama yake alimnyamazisha kila aliyejaribu. Tuliishi watatu katika nyumba moja. Mashati ya mume wangu yalinuka mawese hata yakifuliwa mara ngapi, na nilizoea kiasi kwamba kamyo ikichelewa kurudi nilikuwa nachukua shati moja kwenye kamba na kulinusa. Umri sikuufikiria kabisa. Niliona watu wengine wakizeeka, kama unavyoona watu wengine wakihama mtaa.

Mwaka wa sabini na mbili vita ilianza huku kwetu ziwani. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua. Halafu wakaja askari, wakaua zaidi, ila wao waliita watu kwa upole. Mume wangu walimuita mchana, tukiwa tunakula. Vijana wawili walisimama mlangoni, mmoja wao tunamfahamu.

"Wanakuhitaji kidogo kule komine, kwenye ofisi," yule tunayemfahamu alisema.

Mume wangu alinawa mkono, akavaa viatu. "Narudi sasa hivi," alisema. "Musinifunikie wali, utalowa."

Hakurudi. Mama yake alikwenda komine kuuliza, akafukuzwa. Akaenda tena, akafukuzwa kwa kitako cha bunduki, akarudi akichechemea, akawasha moto, akapika. Mimi nilikaa kizingitini. Siku zikapita, nami nimekaa pale. Sikulala, sikuchana nywele. Nilikula pale tu mama mukwe aliponishika kidevu na kunitia tonge mdomoni. Waliokuwa wakipita njiani mwanzoni walinisalimia amahoro, baadaye wakaacha, kwa kuwa sikuitikia.

Siku moja mama mukwe akasema tunaondoka. Alikuwa na kaka yake kule Gitaza, mkaushaji wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kule watu walikuwa bado wanaishi. Tukafuata barabara ya ziwani pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kifurushi chake. Mahali fulani kabla ya Gitaza tulikuta bariyeri, magogo mawili na kamba. Askari walikuwa wanatenganisha. Wasichana na wanawake vijana waliwekwa upande wa ziwa, eti wataulizwa maswali. Wazee walipita. Wengine kati ya wale waliobaki niliwaona siku zilizofuata, na hakuna aliyesema aliulizwa nini.

Mbele yangu alikuwa mwanamke ambaye nilimjua, wa rika langu. Walimvuta upande wa ziwa. Nikajua ni zamu yangu. Askari alinitazama mara moja tu, hata hakunisogelea.

"Mukecuru, genda," alisema. Bibi kizee, nenda.

Sikuelewa anasema na nani. Niligeuka nyuma kumtafuta huyo mukecuru. Nyuma yangu alikuwa mama mukwe, shingo imenyooka chini ya kifurushi chake, kitenge amekifunga vizuri kama anakwenda harusini. Askari akamtazama, safari hii akamtazama sana.

"Na wewe? Huyu ni nani wako?"

Mama mukwe hakusita hata kidogo. "Ni dada yangu mukubwa, afande. Hasikii vizuri. Nikimuacha atapotea."

Askari akatutazama sisi wawili, yeye na mimi, akaona ni kweli. Akainua kamba.

Tulitembea mpaka bariyeri ikapotea nyuma ya mikorosho ya maji, sijui mnaiitaje ninyi, ile miti inayoinamia ziwa. Hapo mama mukwe akaketi chini, akaanza kucheka. Alicheka akishika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, ya kwanza niliyoyaona tangu mwanawe achukuliwe. "Dada mukubwa!" alisema. "Mungu wangu, dada mukubwa!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeokoka, najua hivyo. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Nyumbani kwa kaka yake palikuwa na kioo kidogo kimetundikwa uani, cha kunyolea ndevu. Nilisubiri wote watoke ndipo nikaenda kujitazama. Nywele za mbele zilikuwa nyeupe. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mdomo ulikuwa umejikunja pembeni kama wa mtu anayeonja kitu kichungu. Nilijaribu kuunyoosha, ukarudi. Yule askari hakuwa amekosea. Nilitoka pale nikiwa nimekubali, na hapo ndipo nilipozeeka, si bariyerini.

Tulifanya kazi ya ndagala. Unazianika mchangani asubuhi, unazigeuza, unafukuza ndege, unaziokota kabla mvua haijaanza. Mimi nilifanya nimekaa. Nilianza kusema maneno ya kizee, mgongo wangu, macho yangu, enzi zetu. Wanawake wadogo wakanibebea ndoo, nami nikawaachia. Mama mukwe yeye msimu mmoja ulipopita alianza kuingia ziwani mchana kuogelea, mwanamke wa karibu miaka hamsini, akapaka hina kucha, akabishana bei na wanunuzi wa Bujumbura mpaka wakacheka na kumuongezea. Nilimuonea haya. Niliona kama mwanawe amekwisha kusahauliwa. Akitaka kunichokoza aliniita dada mukubwa mbele ya watu.

Alikuwepo mtengeneza nyavu mmoja pale, mjane, mtu wa kusema kidogo. Alikwenda kwa yule kaka wa mama mukwe, mjomba wa mume wangu, kuzungumza habari zangu, na mjomba akaniita niseme mwenyewe.

"Mimi ni muzee," nilimwambia.

Alinitazama, si kama yule askari. "Wazee nawajua," alisema. "Mama yangu iko nyumbani. Wewe siyo muzee."

"Tafuta mutu mwingine."

Alikaa miezi kadhaa bila kutafuta. Kila jioni alipita karibu na mahali pangu pa kuanika, akasalimia, akaenda zake. Halafu akaoa mwanamke wa milimani Muhuta. Siku ya harusi yao nilisikia ngoma, nikasema kichwa kinaniuma.

Mama mukwe alinikuta nimelala.

"Unamungojea mutoto wangu?" aliuliza.

"Namungojea."

Akaketi kitandani. Alikuwa bado na jasho la kucheza. "Mimi nilimuzaa," alisema, "na najua hayupo. Nilijua siku ile ile, kabla wali haujapoa." Hatukuwa tumelisema neno hilo hata mara moja, miaka yote ile. "Wewe haumungojei, mwanangu. Mwanamuke anayengojea mume anachana nywele. Wewe umekwenda kulala kando yake, na hujui hata amelala wapi."

"Wewe umesahau," nilimwambia.

Nilidhani atanipiga. Alinivutia tu shuka, akanifunika mabega, akarudi harusini.

Mwaka uliofuata aliolewa, na fundi wa mitumbwi, mtu mdogo kwake kwa miaka mingi. Watu walisema sana. Mimi nilirudi Rumonge, kwa kuwa sikuweza kukaa nyumba moja na furaha ile. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengine, wakanipa chumba cha uani, murakoze, nikashukuru. Nikakaa. Sina la kusimulia juu ya miaka hiyo. Nilikuwa mzee, na wazee wanakaa.

Walipokuja kuniambia kwamba anaumwa, nilikwenda Gitaza. Nilimkuta amelala chini ya dirisha, mwembamba, kichwani amefunga kitambaa cha njano. Alikuwa anapanga safari ya Uvira kununua vitenge. Alitaka kujua kama mitindo imebadilika.

"Utakwenda na mimi," alisema. "Utachagua cha kwako mwenyewe. Siyo hizi nguo za matanga."

"Mama, utakwenda vipi? Hauwezi kusimama."

"Wiki ijayo," alisema, na alikuwa anaamini. Nilimwona anaamini.

Alikufa kabla ya wiki ijayo. Mumewe alilia kama mtu aliyeibiwa, hakuna aliyeweza kumshika. Mimi nilisaidia kumuosha. Nilipokuwa nikimwagia maji mabegani, yale mabega yaliyokuwa bado na nguvu za kuogelea, nilianza kuhesabu bila kutaka. Siku ile bariyerini yeye alikuwa na umri ambao mimi nimekwisha kuupita sasa. Na mimi nilikuwa kijana. Baada ya kuitwa mukecuru nilikuwa na miaka ishirini ya ujana, au zaidi, ilikuwa yangu, hakuna askari aliyeichukua. Nilikuwa kijana pale mchangani nikibebewa ndoo. Nilikuwa kijana yule mtengeneza nyavu aliposimama mbele yangu.

Mwanamke niliyekuwa naosha naye aliona nimesimama na kopo mkononi.

"Mama, umechoka? Kaa, sisi tutamaliza."

Safari hii ilikuwa kweli. Magoti yalikuwa hayanibebi tena. Nikampa kopo, nikakaa.