Umemwibia Babu Usiku Mmoja

Juu ya mlango wa nyumba yetu ya mtaa wa Chemchem kuna ubao wenye maandishi ya Kiarabu. Babu wa mama yangu aliuchonga mwenyewe, na tangu hapo umeshahama nyumba mbili. Unasema siku aliyoingia Tabora na msafara uliotoka pwani kwenda Ujiji: usiku wa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, na mwaka wa Kiislamu. Msafara uliendelea, yeye akabaki. Mama alipenda kunitania, "Babu yako alitembea akafika. Wewe unatembea tu."

Ni kweli. Niliacha shule kidato cha pili, na sijawahi kutulia. Nimepakia tumbaku, nimeosha mabehewa, nimetengeneza simu mbovu. Kwenye hizo simu ndiko nilikojifunza kuandika programu, kwa kudodosa tu, usiku kucha nikiuliza kwa nini hiki kinafanya hivi.

Mama aliposikia hivyo akanipa kazi: "Basi iulize simu yako, tangu babu afike mpaka leo ni siku ngapi?"

Nilidhani ni kutoa tu. Kumbe mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, ni mfupi kuliko huu wetu wa ofisini, na ukitoa mmoja kwa mwingine unapata upuuzi. Ilibidi niigeuze tarehe ya babu kuwa ya kalenda hii, ndipo nitoe. Siku jibu lilipotoka nilikimbilia jikoni. Mama akaniuliza swali moja tu.

"Simu yako inaanza siku saa ngapi?"

"Saa sita za usiku."

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwanangu, siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jioni. Umemwibia babu usiku mmoja."

Nililijua hilo tangu utotoni. Ila miaka ya kuzurura na simu ilinifanya nihesabu kama simu. "Nitarekebisha nikirudi," nikamwambia, nikaondoka na warina asali kwenda msituni, upande wa Urambo.

Huko hakuna mtandao. Tulipotoka kujaza madumu ya maji kijijini, simu ilishika, nikampigia dada. Mama alikuwa ameshazikwa wiki tatu.

"Tulikutafuta mpaka tukachoka," dada alisema. Alilia, nami nikalia, warina asali wakasogea pembeni. Mwishowe akasema, "Mdogo wangu, maziko yamekupita. Arobaini isikupite. Khitma tunasoma usiku wa Ijumaa, wiki ya pili kutoka hii. Tutakusubiri."

Nikaiingiza siku hiyo kwenye programu yangu, ile ile. Ikanihesabia siku zilizobaki, na kila asubuhi niliifungua kuitazama. Sikuwa na kingine cha kumfanyia mama isipokuwa kuwepo, nimekaa mkekani, niseme amina pamoja na watu waliomjua.

Nilifika Ijumaa alasiri, na dumu la asali begani. Nilifurahi kwamba nimewahi. Uani kulikuwa na masufuria makubwa ya kuazima, yameinamishwa yakauke. Mikeka ilikuwa imeanikwa ukutani. Nikadhani wanajiandaa.

Dada aliinuka, mikono ina majivu ya kusugulia. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Khitma imesomwa jana."

"Ulisema usiku wa Ijumaa."

"Na jana ulikuwa usiku wa nini?"

Nikasimama pale na dumu langu. Akasema, "Hata wapagazi wa zamani walifika kwa wakati, na hawakuwa na simu." Kisha akanishika mkono akaniketisha. "Tulikusubiri mpaka baada ya isha. Watu wakaanza kusinzia. Nimekuwekea pilau."

Nilikula pilau baridi chini ya ubao wa babu. Halafu nikafungua programu, nikaongeza mstari mmoja. Sasa kabla ya kuhesabu chochote inauliza kwanza: jua lilikuwa limezama? Nikaijaribu kwa babu, ikamrudishia usiku wake. Nikataka kuijaribu kwa mama, ikaniuliza swali lile lile.

"Dada," nikaita. "Mama alipokata roho, jua lilikuwa limezama?"

Aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Bado," alisema. "Lilikuwa linazama. Alikuwa anaangalia mlangoni."