Nafasi ya Fransisko

Editha Mkude alipiga chapa barua za ofisi kwa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha masanduku ya bati pale Kihonda, na miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza kitu chochote kinaitwaje. Mwaka tisini na sita serikali ikauza kiwanda. Mwekezaji akaja na mambo mawili: kompyuta tatu, na habari kwamba kati ya wafanyakazi sitini watabaki thelathini.

Programu ya kompyuta hizo ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha watu wa stoo kiliishia kwenye salamu. Meneja mpya, Evance, kijana wa Dar aliyevaa tai hata jua likiwaka, akamkabidhi Editha karatasi yenye maneno mia tatu na kumi na mawili ya programu hiyo, yamepangwa kwa alfabeti, bila maelezo hata ya nusu mstari.

"Shikamoo, mama. Naomba unitafsirie hii. Ikifanya kazi, na wewe unabaki."

"Marahaba. Na isipofanya?"

Evance akatazama saa yake.

Editha hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na watoto wawili wa sekondari, na mume ambaye reli ilishampunguza kazi kule Kisaki. Aliogopa sana, na kwa woga huo akaanza na kamusi. Mahali panapopelekwa masanduku yaliyopinda, kwa msaada wa kamusi, pakawa Kitengo cha Marekebisho ya Bidhaa Zilizokataliwa. Akamsomea Mzee Salehe, mtunza stoo. Mzee Salehe akauliza kama ofisi hiyo iko Dodoma.

Basi Editha akaifunga kamusi, akachukua daftari na kuzunguka karakana nzima, akiuliza watu wanavyosema wenyewe.

"Haya yaliyopinda mnayapeleka wapi?"

"Kwa Fransisko," wakajibu wote, wakimshangaa kwa kuuliza jambo linalojulikana.

Fransisko alikuwa fundi wa kunyoosha bati, mtu wa Mgeta, na alifariki mwaka themanini na moja. Tangu hapo sanduku lililopinda hunyooshwa na yeyote aliye karibu na nyundo, lakini linapelekwa kwa Fransisko vilevile. Editha alikuwepo mazishini na shada alilibeba yeye. Hata hivyo akaandika: Fransisko. Lilikuwa fupi, likaenea vizuri kwenye nafasi yake, na kila mtu alilielewa.

Programu ikaenda kama maji. Wazee waliokuwa wakiiogopa kompyuta wakawa wanagombea kiti. Baada ya mwezi Evance akatoka ofisini na ripoti mkononi, amekodoa macho. Fransisko alikuwa amepokea masanduku mia mbili na kumi na manne, na mia mbili na tisa ameyarudisha yakiwa mazima. Hakuugua hata siku moja. Hakuomba ruhusa ya msiba.

"Huyu Fransisko ni mtu mmoja tu?"

"Mmoja tu," akajibu Mzee Salehe, kwa fahari ya kweli. "Hatujapata mwingine kama yeye."

Ijumaa orodha ya wanaobaki ikatoka kwenye kompyuta, ikabandikwa ubaoni. Wa kwanza, Fransisko. Editha akaisoma mara tatu kwa kidole mpaka wa thelathini, halafu akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Nafasi ya mwisho ilikuwa yako, mama," Evance akasema, na kwa kweli alisikitika. "Lakini mtu kama Fransisko unamwachaje?"

"Fransisko ni marehemu."

"Tangu lini?"

"Themanini na moja."

Evance akabonyeza kompyuta. "Jana amepokea masanduku kumi na moja."

"Bosi, mazishini nilikuwepo!"

Akaitwa Mzee Salehe. Akaapa kwamba Fransisko amekufa, tena kifo chake kilimuuma, na kwamba asubuhi hiyohiyo amempelekea masanduku manne. Evance akashika kichwa. Jina lenyewe halikufutika kwenye kompyuta. Fundi aliyeiweka programu alisharudi Nairobi na namba zake za siri.

"Nafasi ipo," akasema mwishowe. "Ila ni ya Fransisko, siwezi kuigusa. Anayeitaka aichukue kama ilivyo, pamoja na nyundo."

Editha alikasirika. Ahadi alipewa, kazi akaifanya, na sasa anashindwa na mtu aliyemzika! Alitaka kumtolea kijana yule maneno ambayo hayakuwemo kwenye karatasi yake. Akawafikiria wanawe. Akavua viatu vya ofisini, akajifunga kanga kiunoni, akaenda karakana.

Sanduku la kwanza lilimchukua saa nzima na likatoka limepinda zaidi. La pili likafunga upande mmoja. Kufikia mchana vidole vilivyozoea mashine ya chapa vilikuwa vimevimba, na aligonga huku akilia waziwazi, hajali nani anamwona. Wenzake wakapita wakiangalia chini.

Ndipo Mzee Salehe akatokea mlangoni na mkokoteni wa masanduku saba. Akaangalia karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, akamwangalia mwanamke yule, akaita kama karatasi ilivyosema:

"Fransisko!"

Hakuna aliyecheka. Editha akafuta uso kwa pindo la kanga, akageuka.

"Naam," akaitika. "Lete."