Bahari ya Madumu Kumi na Sita

Mke wangu aliondoka Tukuyu kwa siku arobaini. Binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Dar es Salaam, na mama mtu akafunga kanga zake, unga wa uji na mikungu miwili ya ndizi, akaenda kumlea mzazi. Siku hizo arobaini nilikuja kuzihesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ilitoka mia sita na kumi na mbili. Ya pili ikatoka mia sita na kumi na tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimeisahau siku yenyewe ya kuhesabu.

Sikumwuliza anarudi lini. Nimenunua ndizi Masukulu, Mpuguso na Lufingo kwa miaka ishirini na sita, na sijawahi kuwa wa kwanza kutaja bei. Unauliza habari za watoto, unasifia migomba ya jirani, kisha unanyamaza. Ukinyamaza vya kutosha, mwenye shamba atasema mwenyewe. Basi kwenye simu nami nilinyamaza, nikimsubiri mke wangu aseme mwenyewe. Hata nilipopeleka ndizi Dar sikupita kwa binti, kwa sababu anayebisha hodi ameshataja bei. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akauliza kama mvua inanyesha, na kwa kuwa huku kwetu swali hilo lina jibu moja karibu mwaka mzima, nikasema inanyesha. Tukaagana.

Siku moja akasema zaidi kidogo. "Hapa jioni tunatoka na mtoto tunakwenda kutazama bahari. Huko nitatazama nini, baba watoto? Mvua?"

Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu masikioni mwangu bei ilikuwa imetajwa. Ilikuwa bei kubwa, lakini mfanyabiashara hupata usingizi akishajua bei.

Safari iliyofuata, nilipomaliza kushusha mzigo sokoni Dar, nilikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo ambalo nilikuwa nalipita kila mara bila kuingia. Ndani kulikuwa na matangi ya kioo yamepangwa ukutani, na katika moja kulikuwa na bahari kamili: mawe yenye rangi ya zambarau, matumbawe yanayopepea kama nyasi za mlimani, samaki wadogo wanaoingia na kutoka kama watu wenye shughuli. Mwenye duka, kijana mpole mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, aliniuliza naishi wapi. Nikamwambia. Akaniuliza tena, akidhani hakusikia.

"Mzee, Tukuyu kuna baridi. Na bahari iko mbali."

Nikamwambia ndiyo sababu nataka ya kwangu.

Tulipatana tangi la lita mia mbili na arobaini, pampu, taa, kipimo cha chumvi na kifaa cha kupasha maji joto. Kwenye vitu hivyo nilimpunguza bei mpaka akakaa chini. Penye kunishinda palikuwa pengine. Aliniambia nikishaweka maji na mawe, nisitie samaki kwa wiki sita, kwa sababu kuna vijidudu ambao lazima wazaliane kwanza kwenye mawe, nao ndio watakaokula uchafu wa samaki. Bila wao, samaki hujiua kwa mkojo wake.

"Wiki nne," nikamwambia.

"Mzee, si mimi ninayepanga. Ni vijidudu."

Nikamwambia aongee nao. Alicheka, lakini wiki zikabaki sita. Ni bei pekee maishani mwangu ambayo haikushuka hata senti.

Maji tuliyachota sisi wenyewe. Lori la ndizi hushuka limejaa na kupanda na nafasi, na sijawahi kuvumilia nafasi inayosafiri bure. Dereva wangu alinipeleka ufukweni, mbali na mji, asubuhi maji yakijaa, tukajaza madumu kumi na sita ya lita ishirini. Kumi na mawili ya tangi, manne ya akiba. Njiani, kwenye kizuizi, askari alitaka kujua tumebeba nini. Nikasema maji ya bahari. Akafungua dumu, akanusa, akachovya kidole na kukilamba, akatema.

"Kwenu hamna chumvi?" akauliza.

Habari ilifika Tukuyu kabla ya madumu kushushwa. Huku kwetu maji ya bahari yana soko ambalo sikulijua: watu huyataka kwa kuoga mikosi, kwa kunyunyizia biashara isiyokwenda, kwa vipele visivyosikia dawa. Kabla sijaunganisha pampu walikuwa wameshabisha hodi watu saba, kila mmoja na chupa tupu, akizungumza kwa sauti ya chini kama aliyekuja kwa mganga. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa letu. Niliwaambia ni maji ya kufugia samaki. Waliitikia kwa heshima, wakanikonyeza, wakasema watarudi nitakapokuwa tayari.

Tangi nililiweka sebuleni, ukutani, mkabala na kiti cha mke wangu. Mezani kuna viti sita. Kwa wiki sita nilikula chakula cha jioni kwenye kimoja, nikitazama boksi la maji lisilo na kitu. Pampu iliguna. Mvua ilipiga bati. Mawe yaliota uchafu wa kahawia, kisha wa kijani, na kijana wa duka kwa simu akasema hiyo ni dalili nzuri. Kila siku nilipima chumvi mara mbili na joto mara mbili. Nyuzi ishirini na sita, wakati ukungu umeingia mpaka kibarazani na mimi nimevaa koti ndani ya nyumba yangu. Hakuna kiumbe wilaya nzima ya Rungwe aliyewekewa joto kama vijidudu wangu.

Mke wangu sikumwambia. Duka halifunguliwi bidhaa ikiwa bado sakafuni. Niliona kwamba matumbawe yakishatulia na samaki wakishazoea, nitampigia simu ya picha, nitaigeuza, nitanyamaza, naye atasema mwenyewe. Kuficha jambo kubwa hivyo kulifanya simu zetu zizidi kuwa fupi, kwa sababu kila nilichokifanya siku hizo kilihusu tangi, nami nilikuwa nimeshajizuia kulitaja. Umekula? Nimekula. Mvua? Inanyesha.

Wiki ya saba nilileta samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vipande viwili vya matumbawe vilivyofugwa dukani, kila kimoja kama kifuniko cha soda. Walisafiri kwenye mifuko ya plastiki ndani ya boksi, mapajani mwangu, njia nzima. Niliwahesabu kila tuliposimama. Wawili. Mara ya pili pia wawili.

Siku ya tatu walinitambua. Nikiingia sebuleni walikuja mbele, wakasimama kwenye kioo, vinywa vikifunguka na kujifunga. Nilikuwa nimesahau namna mtu anavyojisikia akiingia nyumbani na kuna anayegeuka kumtazama. Kipande kimoja cha tumbawe kikafunguka, kikatoa vidole vya kijani. Nikaona bado safari moja tu ya ndizi, nikirudi nipige simu.

Ufunguo nilimwachia bibi wa nyumba ya jirani, mjane, ambaye ananiita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache. Nilimwekea kopo la chakula na kumwonyesha: chembe za kubana kwa vidole viwili, mara moja kwa siku, basi. Akaitikia, "Ndaga, ndaga," asante ya Kinyakyusa, kama anavyoitikia kila kitu.

Nilirudi siku ya nne, asubuhi. Maji yalikuwa meupe kama chai iliyozidishwa maziwa. Harufu ilinikuta mlangoni. Matumbawe yote mawili yalikuwa yamejifunga. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, amekufa, na mwingine alikuwa juu kabisa, akihema kwa kasi. Chini, kwenye mchanga, kulikuwa na tope la rangi ya hudhurungi. Nilichota kwa kijiko, nikanusa. Ilikuwa mbalaga, ndizi za kupika na maharage, zimepondwa laini kama za mtoto.

Bibi aliingia nyuma yangu na bakuli lingine mkononi.

"Kopo lako liliisha siku ya kwanza," akasema. "Wageni wa watu, mwanangu, umewaacha na chumvi tu?"

Nilimwuliza kwa nini mara moja kwa siku haikutosha. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyelelewa vibaya. Huku kwetu mgeni haondoki mlangoni mwako bila kutia kitu mdomoni, hata kama amekuja kudai. Alinieleza kwamba kila akiingia, wale viumbe walimkimbilia na kufungua midomo. Yeye afanye nini? Akaondoka zake na bakuli? Basi aliwapa. Na kwa kuwa walifurahi sana kumwona, alikuwa akirudi. Nikamwuliza alirudi mara ngapi. Akahesabu kwenye vidole, akavimaliza vya mkono mmoja, akaanza wa pili.

"Kwa siku?" nikauliza.

"Walikuwa wananipokea," akasema.

Nilipokea bakuli, nikala mimi.

Kisha nilifanya kazi. Nilifyonza tope kwa mpira, nikatoa nusu ya maji, nikamwaga madumu yote manne ya akiba baada ya kuyapasha joto kwenye sufuria. Hayakutosha, nusu ya tangi ni madumu sita. Kijana wa duka aliniambia kuna chumvi maalumu ya mfuko na dawa ya kutuliza maji, lakini mtu lazima aje kuzichukua leo, azipeleke kituo cha basi, la sivyo huyo aliyebaki hafiki keshokutwa. Mimi nilikuwa Tukuyu. Dereva alikuwa amelala. Dar es Salaam yenye watu wote wale, mtu wangu alikuwa mmoja.

Nilimpigia mke wangu mchana, saa ambayo sijawahi kumpigia.

"Nani amefariki?" akauliza kabla ya salamu.

"Samaki," nikasema.

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nilimweleza duka, madumu, askari aliyelamba kidole, mzee wa kanisa na chupa yake. Nilimweleza wiki sita za kula mbele ya maji matupu, kidole cha kwanza cha tumbawe, mbalaga. Niliongea mpaka sikio likapata moto. Upande wa pili ulikuwa kimya kiasi kwamba nilitazama simu kama imekatika.

"Nipo," akasema. "Endelea. Tangu nije huku maneno yako hayajawahi kufika kumi."

Nilitaka kubisha. Nikahesabu kimoyomoyo. Hayakuwa yanafika.

"Na hiyo bahari yote ni ya nini?" akauliza.

"Ulisema huku huna cha kutazama."

Nilimsikia mtoto akigonga sufuria sakafuni, akimwita bibi yake kwa neno lisilokamilika.

"Baba watoto, lile nilisema tu. Nilikuwa nakungoja useme nirudi."

"Rudi," nikasema.

Lilitoka haraka, bila kuzungushwa. Sikujua kama ni neno jepesi hivyo.

"Mwezi uliopita mwanao kapata kazi mpya," akasema taratibu. "Kaniomba nikae mpaka huyu aanze shule. Nikamkubalia. Ningemjibu nini? Huko kulikuwa hakuna anayeniita."

"Chekechea au darasa la kwanza?" nikauliza.

"Chekechea."

Kwa swali moja nilikuwa nimeokoa miaka kadhaa. Ni nafuu kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na haikunifurahisha. Na ahadi ile nisingeweza kumwomba aivunje. Binti ni wangu pia.

Akaniuliza duka liko wapi. Alikwenda mchana ule ule, mtoto mgongoni, na kijana wa duka aliniambia baadaye kwamba mama huyo alimpunguza bei zaidi yangu. Mzigo ulifika na basi asubuhi iliyofuata. Maji yalichukua siku tano kutakata. Tumbawe moja lilikufa, likabaki jiwe jeupe. Jingine lilitoa vidole viwili. Samaki aliyebaki akashuka kutoka juu na kuanza kuzunguka mawe peke yake.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia simu ya picha. Niligeuza kamera kwenye kioo nikamwonyesha: huyu hapa, tumbawe hili hapa, chumvi yako hii hapa. Akaniuliza samaki huyo anakula nini, anaumwa nini, kama ataletewa mwenzake. Nikamjibu yote. Nyuma yangu bibi wa jirani alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele ya tangi, mikono mitupu mapajani kama tulivyokubaliana, akitazama.

"Samaki nimeshamwona," mke wangu akasema. "Sasa geuza simu nikuone wewe."

Nikageuza. Alinitazama muda mrefu, akaniambia koti nililovaa lina kifungo kimoja kimelegea, na kwamba uzi na sindano vipo kwenye kopo juu ya kabati, upande wa kushoto. Nikasimama, nikachukua kopo, nikakaa tena mbele yake nishone.