Uduvi wa Mama katika Bokali la Peremende

Maji ya Lualaba yakishuka, tope linabaki wazi ukingoni, na jua likilipiga linatoa harufu ya majani mabichi na magamba ya samaki. Wapo hapa Alunguli wanaoziba pua. Mimi nasimama niivute vizuri, maana ndiyo harufu iliyojaa nyumbani kwetu siku Mama alipomwaga ndoo ya tope juu ya meza ya kulia na kutuambia tusishangae.

Ulikuwa wakati wa vita. Baba, mfanyakazi wa reli, alikuwa ameondoka na treni kwenda kusini, kisha njia ikakatwa, naye akabaki huko bila habari. Chumvi ikaadimika, sabuni ikaadimika. Na mdogo wangu Zawadi, wa miaka mitano, akanyamaza. Tangu asubuhi risasi zilipolia karibu na stesheni hakusema tena neno. Akitaka maji, alikuvuta nguo. Majirani walisema apelekwe kwenye maombi. Mama alimpeleka, na waliporudi akapitia dukani kuomba bokali.

Lilikuwa chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, ambamo mwenye duka wa mtaani alizoea kuweka peremende. Treni haikuja, peremende hazikuwapo. Akampa bila kuuliza.

Mama alizaliwa Lokandu, kwa wavuvi. Utotoni mwao walikuwa wakifuga uduvi, ambao sisi tunawaita kosakosa, ndani ya vyungu vilivyomeguka mdomo. Basi akatandika tope chini ya bokali, akalifunika kwa mchanga aliouosha mpaka maji yake yakatoka meupe. Akapanda majani ya mtoni, mizizi akiisukuma kwa mpini wa kijiko. Kisha akalaza kisahani juu ya mchanga na kumimina maji polepole, yasivuruge kitu. Zawadi alikuwa amesogea mwenyewe, akimshikia majani yaliyokuwa yakingoja kupandwa.

Mimi nilitaka kosakosa siku ileile. Mama akakataa.

"Maji iko ngeni bado," alisema. "Acha majani ishike kwanza. Tukiwaweka leo, watakufa."

"Na watakula nini?"

"Ule ukijani utaota kwenye kioo. Njo chakula yao. Hawatatuomba kitu."

Tuliliweka karibu na dirisha, mahali jua la asubuhi lilipogusa kidogo tu. Maji yaliyokuwa kama chai ya maziwa yakatulia, yakang'aa. Konokono wawili wakajitokeza kwenye tope bila kualikwa. Ndipo jioni moja Mama akarudi na kosakosa kwenye kikapu kilichofunikwa majani mabichi. Wakubwa walikwenda kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya mhogo, sitawaficha, na tulilamba vidole. Wadogo, waliokuwa angavu hadi unaona chakula kikipita tumboni, waliingia katika bokali. Tangu siku hiyo Zawadi alikaa mbele yake, paji la uso limegusa kioo, akiwatazama wakichuma ukijani kwa vile vimikono vyao vyembamba kama wanawake wanaochambua mchele.

Mchana mmoja milio ikaanza tena, safari hii mizito. Mama alitulaza sakafuni nyuma ya ukuta wa matofali, akarudi dirishani kulichukua bokali, akaliweka katikati yetu. Kila mshindo maji yalitetemeka na kosakosa wakarukia majani. Kisha pakawa kimya kirefu. Katika kimya kile nikasikia sauti ambayo karibu niisahau.

"Mama, huyu iko na mayai. Angalia, chini ya tumbo."

Nilitaka kupiga kelele. Mama akanibana mguu. Akasogeza uso karibu na kioo, akajibu kana kwamba mtoto alikuwa akiongea kila siku.

"Wapi? Mi sioni vizuri. Nionyeshe tena."

Zawadi akamwonyesha, akamweleza, akamweleza tena. Hajanyamaza mpaka leo. Anafundisha darasa la kwanza, na sauti yake inafika barabarani. Baba aliporudi, amekonda, ndevu zimemjaa, hakuwahi kutua mfuko wake kabla ya kuvutwa dirishani na kusimuliwa habari za kosakosa waliozaliwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa wale uduvi walitoka wapi. Wiki zile ukingoni hapakuwa mahali pa kwenda. Wenye bunduki walikuwa ng'ambo, na waliona kila aliyeinama majini. Nilimuuliza Mama, akasema alilala ndani ya matete tangu saa sita mpaka jua likapoa, kikapu kifuani.

"Kwa nini hukungoja vita iishe, Mama?"

"Ningengoja nini? Mutoto alikuwa anapotea mbele ya macho yangu."

Wakati ule nilijivuna kwamba mama yetu alikuwa na nafasi ya kucheza nasi, huku mama za wenzangu wakilia. Sikujua kwamba aliogopa sawa na wao. Aliificha hofu yake vizuri sana hivi kwamba watu wakitaja vita, kitu cha kwanza kinachonijia ni maji ya kijani yenye mwanga wa asubuhi. Hiyo ni kazi ya mikono yake, nami namshukuru angali hai na anasikia.